Mdomo Mmoja

Saa saba usiku, kiwandani, nyuma ya stesheni ya Moshi,
mashine ya kuchambua kahawa imenitemea tena.
Pua zake sitini na nne zimefunguka kwa pamoja,
zimepuliza punje nzima nzima kwenye pipa la taka.
Elirehema, mlinzi wa zamu, amechungulia:
"Injinia, hizo si ndizo nzuri?"
Ndizo.

Kiendeshi nimekiandika mimi.
Jedwali la rangi, maneno mia mbili hamsini na sita:
kijani cha punje safi, kahawia ya iliyochacha, nyeusi,
yote yaingie kwenye kadi kabla mkanda haujasogea.
Nami niliyapeleka kama mtu anayehamia nyumba,
neno la kwanza chumba hiki, la pili kile,
la tatu kinachofuata, mlango kwa mlango,
hadi nikaingia kwa jirani bila hodi,
na jirani ndiye rejista ya hewa.

Kadi haina vyumba. Ina mdomo.

Ningelijua hilo tangu Kibosho,
tangu mashine ya bibi ya kumenyea buni,
ile ya gurudumu la mkono, iliyoliwa kutu miguuni.
Mimi nazungusha, Bibi Ndeshukurwa anamimina,
debe baada ya debe, pale pale,
sikio kalitega. Ikikoroma, anangoja.
Ikipumua, anamimina.
Na ukichungulia humo huzikuti nyekundu ulizotia;
zimeshakuwa kitu kingine upande wa pili,
utelezi, maganda, maji ya mfongo yenye harufu ya sukari mbovu.

Basi nikafuta. Anwani moja tu,
nikaiandikia mara mia mbili hamsini na sita.
Pua zikakohoa vilevile.
Nikafungua kile ambacho kompaila imekitafsiri
nikakuta uandishi mmoja, neno la mwisho peke yake.
Ilinihurumia. Iliona mtu anarudia mahali palepale,
ikadhani amesahau, ikamsitiri.

Hapo nikaweka kikombe chini.

Bibi hupiga simu alfajiri. "Umekula?"
Nimekula, bibi. "Umekula?" Nimekula.
Mvua ipo? Umekula?
Dada yangu Aikande anasema ni umri.
Na mimi, miaka miwili sasa,
simu naiweka mezani, naendelea na kazi,
naishika mwishoni, naitikia mara moja kwa yote.
Sijui ni mangapi yalikuwa yakitumwa,
sijui yaliangukia wapi.

Nikaongeza neno lile la kuikataza kompaila:
usiguse, usifupishe, kila moja lina kazi yake.
Na kila baada ya maneno nane nikaweka swali:
umejaa? Nangoja. Umejaa?
Kadi ikajibu kwa biti moja, sifuri,
na sifuri ile niliipenda kuliko mshahara.

Saa kumi na robo mkanda ukatembea.
Punje nyeusi, moja, ikaruka kando
kwa pumzi ndogo ya pua moja.
Elirehema akaiokota, akaiweka kiganjani,
akaitazama kama jino la mtoto.

Pua ya kumi na tisa bado inachelewa.
Hiyo nitaiona mchana. Sasa nimetoa simu mfukoni,
nimeipandisha sauti,
nimeiweka juu ya kadi, karibu na mkono.