Vijiko Sita

Vilikuja sita ndani ya boksi la kadibodi,
zawadi ya shangazi Barke, mwaka niliolewa:
vijiko vya chai, mpini una ua la yasmini.

Cha kwanza kilipopotea sikuuliza.
Nyumba ina watoto, kijiko humwagwa na maji ya vyombo.
Cha pili kilirudi kimeungua tako, cheusi ti.
Nikakisugua kwa majivu na ndimu,
nikasema, ni makaa tu.
Kikapotea tena, moja kwa moja.

Ndivyo nilivyojua kabla ya kujua.

Lali alikuwa na miaka kumi na sita,
amehifadhi juzuu saba, hodari wa mpira.
Akaanza kuvaa mikono mirefu katika joto la kaskazi,
kujikuna pua, kusinzia ameketi,
kichwa kikishuka polepole kama ndoo kisimani.
Watu wakauliza. Nikasema: malaria.
Nikasema: mitihani. Nikasema: kijicho.
Ulimi wangu ulijua kila jina ila lile.

Hapa Langoni kuta zimegusana,
jirani akikaanga pilipili mimi ndiye nipigaye chafya.
Hili nalo walilinusa,
wakafunga madirisha kwa adabu.
Sitara, wakaiita.
Sitara ile ilikuwa mlango,
na mwanangu alikuwa upande wa nje.

Tangu hapo, kila usiku baada ya isha, huhesabu.
Wenzangu wana tasbihi, mimi nina droo.
Kimoja, viwili, vitatu, vinne.

Jumanne: vitatu.
Nikahesabu tena. Nikaimwaga droo sakafuni.
Vitatu.

Shebwana ana miaka kumi na mitatu.

Nikapekua mkoba wake wa shule:
rula iliyovunjika, ubuyu,
barua ya msichana asiyejua kuandika "nakupenda".
Nikanusa shati. Jasho na chaki.
Nikammulika mikono usingizini kwa tochi ya simu,
mimi mamake, mwizi,
natafuta tundu katika ngozi niliyoizaa.

Asubuhi nikamfuata, hatua ishirini nyuma, nimejifunika uso.
Kwenye kijiwe cha vijana, pale punda hufungwa, wakamwita:
"Mdogo wetu, njoo. Onja tu. Ya kwanza bure."
Nikaona mguu wake ukisita.
Sita: hesabu ya vijiko vyangu.
Sita: mguu wa mtoto
ambao bado haujaamua.

Kisha akapita.
Akaingia gofuni, anakolala Lali juu ya magunia,
akafungua themosi, akamimina uji,
akamlisha kakake kwa kijiko changu.
"Kimoja tu, kaka. Haya. Kimoja tu tena."

Nilirudi nyumbani bila kujua nimepita njia ipi.

Usiku nikamketisha jikoni. Nikalitaja.
Unga, nikasema, na neno halikubomoa paa.
Nikamwambia habari za arosto, za kijiko cheusi,
za ndimu niliyokamua nikijidanganya.
Akasikiliza, akichezea kifuniko cha themosi.
"Mbona Lali hukumwambia hivi?"

Maji yalichemka, yakapungua, sikuyaepua.

"Na wale wa kijiweni," nikasema, "huwajibu nini?"
"Huwaambia nimechelewa."
"Na siku utakayochoka kuchelewa?"
Akanitazama kwa macho ya nduguye, ya zamani, yale ya mpira.
"Nitakuja kwako.
Mradi usiwaambie watu nina malaria."

Sikuihesabu droo usiku ule.
Alfajiri nilipika uji mwingi kuliko kawaida,
nikatia iliki, nikajaza themosi,
nikafunga vijiko viwili kwenye kitambaa:
kimoja cha Lali,
kimoja changu.