Mistari Minne

Siku ya tisa, pakiti za Urambo
zinafika kabla hazijatumwa.
Sekunde nne kabla. Si zote,
moja katika maelfu,
kama karibu iliyoitangulia hodi.

Mihambo analaumu radi. Amepanda mnara mara mbili,
ameshuka na kutu viganjani.
Mimi niko Isevya, chumba cha uani,
feni imekatika bawa moja,
nasoma dreva ya kadi ya mtandao
iliyoandikwa na mtu asiyejua
kama kuna mji unaitwa Tabora.

Kadi ina saa yake, kijiwe kinachotetemeka.
Pakiti ikigusa mlango inagongwa muhuri.
Lakini saa ni ndefu, haienei dirisha moja:
dreva husoma nusu ya juu,
kisha nusu ya chini,
na kati ya kusoma na kusoma
pana upenyo.

Nusu ya chini hujaa kila sekunde nne na ushee,
ikarudi sifuri, ikaikabidhi ya juu moja.
Isome ya juu kabla ya makabidhiano,
ya chini baada yake,
umeshona kichwa cha zamani
kwenye kiwiliwili cha sasa.

Nikajipiga paja.
Kapela, mdogo wangu, alipoanza kazi stesheni
alinakili namba za mabehewa treni ikitembea:
tarakimu za hili, tarakimu za lile,
daftarini likaingia behewa
ambalo halijawahi kuundwa.

Basi: soma juu, soma chini,
rudi usome juu.
Ikiwa imebadilika usibishane nayo,
soma tena ya chini.
Mistari minne.

Kwangu saa nane usiku,
kwa mashine ishirini na tatu, na jana haijaisha.
Pakiti ya Urambo ikatumwa,
kisha ikafika.
Kisha.
Nilikaa nalo neno hilo
mpaka jogoo wa jirani.

Mama Nyamizi, mwenye nyumba, alinikuta bombani.
"Umekesha na nini?"
"Saa, mama. Nimeitengeneza."
Akachungulia sebuleni: ile ya ukutani
bado saa tano kasoro, tangu Pasaka.
Hakusema kitu.
Alikwenda dukani kwa Shija
akarudi na betri mbili,
akaniwekea juu ya kompyuta.