Kisanduku cha Tatu

Mkuu wa kitivo alinipa karatasi: majina arobaini na moja,
na mbele ya kila jina visanduku viwili,
ndiyo, hapana.
Cha tatu hakukichora,
na karibu wote wanaishi humo.

Profesa Tsvetan hufundisha takwimu.
Alinichorea ubaoni hatari ya sindano,
nukta, sufuri, sufuri, sufuri,
hadi chaki ikakatika.
"Ndogo mno," akasema, akipangusa vidole.
"Lakini Rositsa, yupo mtu ambaye ndiye hiyo moja."

Ognyana wa biolojia alifunga mlango kwanza.
Mwaka wa sita huu anatafuta mtoto.
"Najua haidhuru. Ndivyo ninavyowafundisha."
Akageuza kikombe, akakigeuza tena.
Chai ikapoa bila mtu kuionja.

Lyuben wa maktaba aliuliza orodha kaituma nani,
itafungiwa kabati gani, ufunguo anao nani.
Baba yake aliwahi kuandikwa, enzi zile,
kwenye orodha nyingine, kwa mwandiko mzuri.
Sikumjibu.
Mwandiko wangu pia ni mzuri.

Bango la koridoni lasema kinga ni bora kuliko tiba.
Mtu ameongeza kwa penseli: ya nani?

Zdravka wa usafi hakuuliza habari za kinga.
Mkono ukivimba siku mbili, alisema,
deki atapiga nani, na mshahara je?
Nilipiga simu ofisi tatu. Hakuna aliyejua.
Hata hivyo Alhamisi alikuwa wa kwanza kwenye foleni,
theluji kichwani, mkono wa sweta ameshaukunja,
maana nyumbani mama yake hulala na mashine ya hewa
inayokoroma kumshinda marehemu mumewe.

Tulimchungulia kupitia kioo cha ukumbi wa michezo,
sisi wenye shahada,
tukingoja aanguke.
Alikula biskuti mbili, ya tatu akaitia mfukoni,
akachukua ndoo, akaja kufuta nyayo zetu.

Ijumaa Tsvetan aliandika ubaoni akijikunja uso,
na sura yake ilinikataza kuuliza.
Ognyana bado.
Lyuben ataka ajaze mwenyewe, kwa wino wake.

Karatasi inatakiwa leo saa kumi.
Jina la mwisho ni langu.
Kalamu nimeishika tangu asubuhi, imepata joto.
Chini, Plovdiv imeganda,
na Zdravka anamwaga chumvi ngazini
kwa mkono asiouzoea.