Vumbi Chini ya Tangi

Jumatatu ya kwanza waliniita Mwalimu
nikageuka nyuma kumtafuta anayeitwa.
Miaka ishirini na miwili hapa Hombolo
mimi ni Fundi tu, au Cheche,
kwa sababu ya matundu kwenye mashati yangu.

Mkuu wa shule alinipa chaki, daftari la mahudhurio
na vijana arobaini na mmoja wa mkondo wa amali.
Karakana ni bweni la zamani; ukutani bado yamo majina
ya waliolala humu wakaota udaktari.
Mashine moja. Vioo vyeusi vinne,
kimoja kina ufa. Hicho huvaa mimi.

Siku hiyo sikuwasha moto.
Niligawa tepu: pimeni mlango.
Vikundi tisa, vipimo tisa.
Ndahani, anayeongoza darasa kwa hesabu,
alipungukiwa sentimita sita.
"Kwenye mtihani," nikamwambia, "hiyo ni nusu alama.
Hapa, usiku, hiyo ni nyoka."

Mimi sikufundishwa hivi.
Kizota, kwenye gereji, nilishika koleo miaka miwili
kwa malipo ya ukoko,
na kila swali lilijibiwa kwa bisibisi ya kisogo.
Kazi niliiiba kwa macho,
na macho yenyewe yakalipa:
usiku kucha kama yamejaa mchanga,
mama akiniwekea kiazi kibichi juu ya kope.
Ndiyo maana neno langu la kwanza asubuhi ni: shusha kioo.
La pili: shusha kioo.

Wiki ya tatu akaja mama yake Wendo
na mkasi wa mizabibu bado mkononi.
"Nimeuza zabibu misimu mitatu ili asome.
Kama ni kuchomelea mageti,
si ningemleta kwako bure?"
Sikuwa na jibu. Upepo ulipiga lile bati la paa
lililoachia msumari tangu Machi.
Nikamfungulia daftari la binti yake:
tangi, kipenyo mita moja na ishirini, kimo moja na nusu,
lita elfu moja mia sita tisini na sita,
na dole gumba la grisi pembeni.
Aliangalia kwa muda mrefu. Hakusema ndiyo.
Aliuliza tu, "Na macho yake?"

Umeme ulikatika Alhamisi tatu mfululizo.
Tukapiga tupa kingo za bati kwa mkono
mpaka viganja vikanuka sarafu.
Mshono wa chini ulikuwa wa Wendo.
Wa kwanza, kinyesi cha kuku; niliukata kwa grenda.
Wa pili niliukata.
Wa tatu aliukata mwenyewe kabla sijafika.
Wa nne niliupitishia ukucha, nikanyamaza.

Tukachota kisimani, ndoo za lita ishirini,
kila mtu mbili, na tatu juu yake nilizobeba mimi.
Ndoo ya themanini na tano ilibaki na maji kidogo,
kama lita nne hivi. Tukanawa uso.
Ndahani alikuwa amelijua hilo tangu jana
ila safari hii alisubiri ndoo iseme.

Fomu ya wizara ina kisanduku: Umahiri, jaza alama.
Nililala nacho kikiwa kitupu.

Alfajiri, kabla ya kengele,
nilimkuta kalala kifudifudi, sketi ya shule na yote,
shavu chini, mkono umezama
kati ya mawe yanayobeba tangi.
Akapapasa kulia. Akapapasa kushoto.
Akautoa, akanifungulia kiganja:
vumbi jekundu. Akalipuliza, likaruka.

Kwenye kisanduku nimeandika: Vumbi kavu.
Mkuu ananiuliza hiyo ni asilimia ngapi.
Nimemwambia avue koti,
aje ainame.