Faili Zima

Ntahondi, usiniombe tena kwa simu.
Mara ya kwanza nililibana, likapita;
ukaniuliza, "Mbona Mama hana vidole?"
Anavyo. Kumi. Vilikuwa juu ya kinanda,
ukumbi wa Gongoni, umeme ukiwa na adabu usiku mzima.
Ni kule kubana: jasho likawa ukungu,
gauni la zambarau likawa viraka,
na ile pumzi kabla ya kibwagizo
ikaliwa.

Gigabaiti tisa. Sipunguzi hata moja.
Nimeziweka kwenye flashi,
flashi kwenye soksi,
soksi katikati ya madumu mawili ya asali,
kabeba Mihambo, behewa la tatu.

Kesho kutwa nenda stesheni, Kigoma.
Asali gawa utakavyo.
Soksi ni ya Baba, irudishe.