Zamu ya Luchelele

Jumanne bosi alileta kidude cheusi ndani ya boksi,
boksi limejaa sponji, na risiti juu yake.
"Lugwesa," akasema, "kuanzia leo giza limekwisha."
Nikasaini.

Nikakiweka jichoni. Ziwa likawa kijani,
kijani cha nyasi zilizokwisha kutafunwa,
na vizimba vya sato, kumi na viwili,
vikaelea mbele yangu kama sahani ambazo hazijaoshwa.
Nikamwona pimbi juu ya jiwe akijikuna,
fisi maji akichana mgongo wa maji,
na kule mbali taa za wavua dagaa,
kila moja donda jeupe.
Nikaondoa jicho upesi.

Hakuna aliyekiita kidude kile mchawi.

Mama yangu, Nkwimba, hakuwa na risiti.
Kule Misungwi alichambua pamba usiku bila kibatari,
safi huku, fifi kule,
na asubuhi hukuti hata tonge moja limepotea njia.
Macho yake mekundu kwa moshi wa kinyesi cha ng'ombe.
Watu wakahesabu:
macho mekundu, moja;
anaona gizani, mbili;
mtoto wa jirani kafa, tatu.
Wakamwita mwanga.
Nilikuwa na miaka saba, nikadhani wanamsifu.
Mwanga, si ndio uliokosekana nyumbani kwetu?

Tukahama usiku uleule. Mwezi haukuwepo.
Alinishika kifundo cha mkono, si kiganja,
tukapenya kati ya mawe na minyaa hadi barabara ya lami,
na njia nzima alinifundisha jambo moja:
"Kitu cha gizani usikikodolee, kitakukimbia.
Tazama pembeni yake. Kitakuja chenyewe."
Nikajaribu kwa kisiki.
Kweli, kisiki kikaja.

Basi Alhamisi, saa tisa kasoro za usiku,
kile kijani kikaniletea mtu kizimba cha saba.
Amelalia madumu mawili yaliyofungwa kamba,
anapiga kasia kwa ndara.
Bega la kushoto chini, la kulia juu: nikamjua.
Budodi. Alizishona nyavu hizi yeye mwenyewe
mpaka moja ikachanika, sato wakaenda zao,
akakatwa mshahara wa miezi mitatu, kisha akakatwa yeye.
Alijua fundo lipi hufunguka kwa jino.

Filimbi ilikuwa shingoni kwangu.

Bosi alikwisha nionya:
kidude kina jicho moja, wewe una mawili,
tumia la kulia, la kushoto liache gizani
lisije likapofuka nalo.
Nikaitafuta taa kali kuliko zote za wavua dagaa.
Nikaikodolea kwa la kulia, hesabu hadi mia.
Nikahamisha. La kushoto nalo, hadi mia.
Sijui kwa nini nilihesabu kwa Kisukuma.

Nilipokitoa, dunia ilikuwa masizi.
Sikuona ziwa. Sikuona vidole vyangu.
Nikasikia ndara, chwa, chwa, chwa,
na samaki mmoja akipigapiga plastiki
kama mtu anayebisha hodi kwa adabu,
halafu kimya, halafu mbwa wa upande wa Nyegezi.
Macho yalirudi polepole, jiwe kwanza,
kisha maji, kisha maji matupu.

Alfajiri nikafungua kitabu cha zamu.
Wadudu wa ziwa walikufa juu ya ukurasa, nikawapuliza.
Nikaandika kwa herufi kubwa:
SAA TISA USIKU. SIKUONA KITU.
Nikaisoma mara mbili. Haikuwa na uongo.

Bosi akaja na chupa yake ya chai.
"Kifaa vipi, kinafanya kazi?"
"Kinafanya, bosi," nikasema,
nikitazama pembeni yake kidogo,
na nikamwona vizuri kabisa.