Komeo Limegoma

Lutengano aliingia na ukungu wa Mafinga mabegani,
bunduki kaiviringisha khanga ya mkewe
kama mtoto mwenye degedege.
"Limegoma," akasema. "Nimeligonga kwa kigogo cha mlingoti
tangu Igawa."

Kaa. Chai ipo.
Usinihesabie umeligonga mara ngapi.
Nipe maganda.

Alikuwa nayo matatu, mfukoni, pamoja na funguo na punje za mahindi.
Nikayapanga dirishani penye mwanga.
La kwanza, fataki ina ukingo wa mviringo,
kama ukucha wa mtoto.
La pili imelala kidogo.
La tatu bapa kabisa, imejaa tundu lake hadi pembeni,
na kitakoni doa linalong'aa, duara dogo,
pale shaba ilipobanwa ikatafuta pa kutokea.
"Unaona?"
Hakuona. Watu wa doria wamezoea kutazama mbali.

"Risasi uliziweka wapi?"
"Juu ya dashibodi."
Kumbe! Ametoka nazo kwenye baridi ya Makete,
kateremka kona zote hamsini na saba hadi Chimala,
kisha siku mbili Usangu, jua likizikaanga kama karanga.
Baruti ina tabia ya uji:
moto ukizidi, inainua kifuniko.

"Na mafuta?"
"Nilipaka. Mvua isije ikala chuma."
"Hata ndani ya chemba?"
Akatazama kikombe.

Sikiliza, mwana wa Kyando.
Ganda likilipuka linatakiwa lishike kuta,
kama mlevi anavyoshika ukuta akirudi kwake.
Ukizipaka kuta mafuta,
mzigo wote unaliangukia komeo.
Nalo halina mdomo. Linakaza tu.

Baba yangu alipiga ya nne.
Tangu siku hiyo alisoma gazeti
kwa kuinamisha kichwa upande mmoja.

Nikaufuta ule utelezi kwa kitambaa na mafuta ya taa,
nikafuta tena kwa kikavu,
nikachungulia mtutu hadi nikaona anga ya Mufindi, nyeupe, ndogo.
Kucha ya kuvutia ganda ilikuwa imepata ufa.
Nikamwambia hii hairudi porini mwezi huu.
Alibisha. Nikamwonyesha tena la tatu.
Akanyamaza.

Ganda hilo nimelibakiza, limo kwenye kopo la siagi
pamoja na wenzake.
Nimelichora kwa msumari: *Usangu. Dashibodi.*

Kalipa nusu.
Nusu nyingine ni viazi,
na vina udongo bado.